Chokaa ya Mwezi wa Kumi na Moja

Niliajiriwa kufagia, sikuajiriwa kusema. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza nilisema. Ndivyo nilivyo. Mama yangu alikuwa akiapa kwamba siku niliyozaliwa sikulia, nilimkaripia mkunga.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na diploma ya ualimu ambayo huku Brussels ilinifaa kufunikia sufuria tu, kwa hiyo nilisafisha nyumba za watu. Sioni haya kulisema. Nyumba niliyopita mimi ilijulikana kwamba nimepita.

Nyumba ninayotaka kuizungumzia ilikuwa Evere, mwendo wa dakika tano kutoka kituo cha basi. Kati ya maghorofa mawili ya kawaida ilisimama nyumba isiyofanana na Ubelgiji hata kidogo: kuta nene za rangi ya udongo, paa la vigae lisilo na mwinuko mkubwa, baraza mbele yenye nguzo sita, na madirisha marefu yenye mbao za kuzuia jua. Jua gani, jamani, Evere? Majirani waliiita la villa, na walipoitaja walionyesha kwa kidevu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiitaliano wa miaka themanini na kitu, mjane, aliyezaliwa humo humo. Nilipomfahamu alikuwa haishi tena pale. Ukuta mmoja wa saluni, yaani sebule yake kubwa, ule wa upande wa bustani, ulikuwa unatoka maji, na kifua chake kilikuwa kibovu. Mwanawe wa pekee, mtu mpole wa ofisini, alikuwa amemhamishia kwake karibu na Chaussée d'Ixelles, ghorofa ya nne, kwa lifti. Bibi aliichukia lifti ile kama mtu anavyomchukia mkwe. Alisema, "Mwanangu ameniweka kabatini."

Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kulala kwenye saluni yake, maana ngazi hakuziweza tena, na kufia pale alipozaliwa. Mwanawe alitaka mama yake aishi. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka kiwanja abomoe, ajenge maghorofa. Wakakubaliana hivi: ukuta ule ukiwa mkavu ifikapo Pasaka ya mwaka uliofuata, mama anarudi, ukiwa bado una unyevu, mama anatia sahihi ya kuuza. Bibi alimpa mwanawe mkono. Na bibi yule akishatoa neno, neno limetoka.

Mimi niliingia hapo nyuma ya mafundi. Mwana alihitaji mtu wa kuondoa vumbi lao kila siku. Siku mama yake alipoletwa kutazama kazi, nilimsalimu, "Bonjour, maman." Akanikazia macho.

"Mimi si mama yako."

"Bon, najua," nikamwambia, "lakini mama yangu angenichapa nikikuita vingine."

Tuliongea Kifaransa, chake kikiwa na Kiitaliano ndani yake na changu kikiwa na Katanga. Hapa nakiweka chote katika Kiswahili, maana ndicho ninachofikiria nacho. Hakucheka siku ile, lakini hakunikataza tena.

Sasa niseme juu ya ukuta. Patron wa mafundi, Mbelgiji wa mikono mikubwa, alikuwa ameupiga saruji mwaka uliotangulia, na ukatoa maji. Akaupiga saruji mara ya pili, nzito zaidi, ukatoa maji juu zaidi. Patron hakuwa mtu mbaya. Ila kichwa chake kilikuwa kimejaa saruji kama ndoo zake.

Siku ya tatu ya kazi yangu niliacha ufagio, nikaenda kuweka shavu langu kwenye ukuta ule. Mafundi wakaangua kicheko. Acha wacheke. Baba yangu alikuwa mwashi wa misheni, na ndivyo alivyopima ukuta maisha yake yote: ukuta mkavu shavu linauzoea mara moja, wenye maji unakunyonya joto mpaka meno. Baba alizaa mabinti wawili, mimi na yaya wangu, kama tunavyomwita kwetu ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Mvulana hakuzaa, na kazi haikungoja mvulana. Sisi ndio tuliochekecha mchanga. Sisi ndio tuliotia mawe ya chokaa iliyochomwa ndani ya pipa la maji na kukoroga kwa mti mrefu huku ikichemka na kuruka. Kovu moja ninalo mpaka leo juu ya kifundo cha mkono, na likiniwasha najua mvua inakuja.

Watu walipomwambia baba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, alikuwa akikasirika. "Aliyesema vile hakuwa fundi," alisema. "Tazama kwanza kwa nini umepasuka, halafu ndiyo uzibe."

Shavu langu likaniambia kilichokuwa kinatokea. Ukuta wa zamani wa matofali na chokaa hunywa maji ya ardhini kidogo, kisha huyatoa nje kidogo kidogo, na mtu hata hajui. Ule ulikuwa umevishwa saruji pande zote, kama mtu aliyefungwa mfuko wa nailoni usoni. Maji yalikuwa hayana pa kutokea, yakapanda.

Kila Alhamisi mwana alimleta mama yake atazame kazi. Alikaa jikoni, koti mwilini, mkoba mapajani, nami nikamchemshia kahawa. Hapo ndipo niliposikia habari za nyumba ile, kikombe baada ya kikombe.

Baba yake alitoka kijiji kimoja cha kaskazini mwa Italia, ambako bwana mmoja alikuwa na nyumba ya mashambani: nguzo sita, madirisha marefu, sakafu ya vipande vya marumaru vilivyosagwa mpaka vinang'aa. Mama wa huyo baba alikuwa mtumishi mle. Alifagia saluni ya bwana miaka thelathini, na miaka yote thelathini aliingilia jikoni, kwa kuwa mlango wa mbele haukuwa wa watumishi. Mwanawe akajifunza kutengeneza sakafu zile, akaja Brussels pamoja na wenzake kuzitandika katika nyumba za matajiri, na alipopata uwezo akanunua kiwanja Evere, enzi hizo Evere ikiwa mashamba ya mboga. Akajenga nyumba ya bwana, ile ile. Ramani hakuwa nayo. Aliijenga kwa hatua alizokuwa amezihesabu utotoni akimfuata mama yake na ndoo. Ila sasa alikuwa na miguu ya mtu mzima, kwa hiyo vyumba vyote vikatoka vikubwa kuliko vya yule bwana.

"Alifanya makusudi?" nikauliza.

"Alisema alisahau," akajibu bibi. "Mimi simwamini."

Nyumba ilipokwisha alimleta mama yake kutoka Italia. Alimsimamisha mbele ya nguzo sita, akamfungulia mlango wa mbele, milango miwili ya mti mzito. Mwanamke yule akatazama. Akasema ni nzuri. Kisha akaizunguka nyumba na kuingilia jikoni. Siku ile na siku zote. Jumapili mwanawe aliuacha ule mlango wazi toka asubuhi hadi jioni, hata wakati wa theluji, naye akazunguka tu. Aliupita mara moja, akiwa amebebwa na watu wanne. Baada ya maziko mwanawe akaufunga, na tangu hapo kila mtu wa nyumba ile akapitia jikoni.

Bibi alisema hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyegeukia sinki na kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Alhamisi moja akaniuliza, "Wewe unayebusu ukuta wangu, unakwambia nini?"

Patron alikuwa amesimama pale pale. Mtu mwenye busara angesema, sijui, maman, mimi ni wa kufagia. Lakini busara siku ile ilikuwa imepanda basi lingine. Nikasema yote: saruji iondolewe yote, ndani na nje, matofali yaachwe uchi majira yote ya joto yatoe maji, halafu yapakwe chokaa, chokaa tupu na mchanga, na mkono wa kuipaka ninao. Patron akawa mwekundu.

"Hata femme de ménage, mtu wa kufagia, sasa ni mhandisi?"

"Mimi ni mtoto wa mwashi," nikasema. "Na wewe umeupiga mara mbili. Umekauka?"

Mwana akakohoa. Bibi akamwambia patron aondoe saruji. Patron akainua mabega. Alisema yeye anakwenda kushughulikia paa, ukuta nimeachiwa mimi, na ukianguka asiitwe.

Basi ukaachwa kwangu. Saruji iliondoka kwa nyundo na patasi, na mikono yangu ilivimba hata nikashindwa kufunga kitambaa kichwani. Matofali yalipotokea yalikuwa meusi kwa maji. Mwezi wa saba yakaanza kupauka toka juu, na mwezi wa tisa yalikuwa mekundu hadi chini. Ee, nilijisifu! Nilimpigia yaya simu karibu kila siku. Yaya alikuwa anasuka nywele Chaussée de Wavre, na wateja wake wote wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, walijua hali ya ukuta wangu kama wanavyojua hali ya mgonjwa.

Mchanga ukaletwa, chokaa ikaletwa, nikaitia maji, nikaiacha ilale ndani ya mapipa kama baba alivyofanya. Mwezi wa kumi mvua ilinyesha bila kupumua. Nikangoja. Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mbingu ikafunguka. Anga ikawa bluu, hewa kavu, jua jembamba, baridi ya kuuma masikio asubuhi.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Katanga, mwezi wa sita na wa saba ndiyo baridi yetu, na baridi yetu haina hata tone la mvua. Vumbi linaruka, majani yanakauka, na ndiyo majira ya kazi: watu wanachoma matofali, wanajenga, wanapaka kuta. Kwetu ukisema baridi umesema kukauka. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Lilikuwa ndani ya mikono yangu toka utotoni. Asubuhi ile niliposhuka basi Evere, pua ikaniambia ni mwezi wa saba, na nilisimama njiani nikacheka peke yangu kwa furaha. Nikasema, haya, sasa.

Nilipaka siku nne. Nilipaka vizuri, sisemi kwa kujipamba. Hata mafundi wa patron walikuja mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta vifaa vyao, wakatazama. Madirisha ya saluni yalikuwa yameondolewa kurekebishwa, pametundikwa plastiki tu. Sikujali. Nilifurahi hata, hewa iingie ikaushe. Siku ya nne nikanawa mikono, nikaenda kwangu nikiimba.

Wiki ile ile barafu ikashika. Maji yakawa mawe kwenye ndoo. Asubuhi nilipoingia saluni ukuta ulikuwa umesimama, mweupe, nikashukuru Mungu. Nikauwekea mkono. Plasta ikabaki mkononi. Nikavuta kidogo, ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na nyuma yake unga mtupu. Nilivuta hapa, nikavuta kule. Ukuta wote.

Nilikaa chini kwenye ile sakafu ya marumaru. Nilikufa ganzi, kweli, na si kwa baridi.

Patron alikuwa juu ya paa. Hakuna mtu aliyekuwa ameona bado. Nakumbuka vizuri mawazo yaliyonijia, na siyafichi: ningeweza kusema ni mafundi walioacha plastiki wazi. Ningeweza kusema ni matofali ya zamani, yamechoka. Nani angejua? Niliondoka pale, nikaenda kwenye simu ya barabarani, nikampigia yaya kwenye saluni yake ya nywele.

"Yaya, chokaa imekufa."

"Imekufa namna gani?"

Nikamweleza. Nikasikia wanawake wanacheka nyuma yake na redio inaimba.

"Kyé! Weye!" akasema. "Unawaza baridi ya kwetu na baridi ya bazungu ni moja? Ya kwetu inakausha. Ya huku inaua mupaka majiwe. Donc kichwa uliacha Lubumbashi?"

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza! Lakini weye kuuliza, thubutu." Halafu sauti yake ikashuka. "Sasa unafanya nini, mutoto wa mason?"

"Sijui."

"Unajua. Papa alifanyaka nini siku ukuta wa sacristie ulianguka?"

Kwa ukuta ule wa chumba cha mapadri, baba alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, akaenda kwa padri mkuu, akasema, nimekosea mimi, mchanga ulikuwa mchafu. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Au nilikuwa sitaki kulikumbuka.

Sikuwa na nguo ya Jumapili siku ile. Nilikwenda Chaussée d'Ixelles na vumbi la chokaa magotini. Lifti ilinipandisha ghorofa ya nne. Bibi alikuwa dirishani, kitini, blanketi miguuni.

"Maman," nikasema, "chokaa ya ukuta imeanguka. Si mafundi, si matofali. Ni mimi. Niliupaka wakati usiofaa, kwa sababu nilidhani nipo kwetu."

Nilingoja anifokee, ningefurahi, tungefokeana, mimi nafokeana vizuri. Aligeuza uso kwenye dirisha, akatazama mabasi yanavyopita chini. Mwishowe akasema, "Pasaka ni karibu." Hakunigeukia tena, nikajua nimefukuzwa.

Wiki saba sikuitwa. Patron aliikuta plasta yangu sakafuni, akasema alichosema juu ya chokaa yangu ya Kiafrika. Nilisafisha ofisi moja mjini na kumkasirikia kila mtu, hasa mimi mwenyewe. Noeli ilipita, nilikula kwa yaya bila kusikia ladha ya chakula. Alijaribu kunitania, akaacha.

Baada ya mwaka mpya simu ikaita. Ilikuwa sauti ya bibi mwenyewe.

"Patron ameniletea barua. Anataka kuupiga saruji tena."

"Ndiyo, maman."

"Mwaka wa kwanza saruji ilipoharibika, aliniambia ni nyumba iliyozeeka. Mara ya pili akaniambia ni ardhi ya Evere. Mwanangu anasema ni hali ya hewa. Katika nyumba ile watu wamefanya kazi miaka na miaka, na wewe ndiye wa kwanza kuniambia, 'Ni mimi.'" Nilimsikia anakohoa, kikohozi kirefu. "Huku wanapaka lini?"

Safari hii niliuliza. Haki ya Mungu niliuliza! Nilimuuliza patron mwenyewe, na kumwuliza kulinitoka kwa shida kama jino. Aliweka chini kikombe chake. Akasema: madirisha kwanza, na si kabla ya mwezi wa tatu, na hata hapo chumba kipate joto. Boila ya kupasha nyumba joto ilikuwa imeng'olewa.

"Kwetu tungewasha mbabula," nikasema.

"Ni nini hiyo?"

Nikamchorea kwenye mfuko wa chokaa: jiko la mkaa, la bati, matundu pembeni. Akatazama mchoro, akachukua ndoo mbovu, akaitoboa kwa msumari mkubwa mahali nilipomwonyesha, tap, tap, tap. Akatengeneza mbili. Mkaa yaya aliupata kwa mwenye duka mmoja wa Chaussée de Wavre, nikaubeba kwenye basi huku watu wakiutazama mfuko. Patron alinionya kwamba mkaa unaua. Nikamwambia, papa, kwetu mtoto anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Dirisha la juu liliachwa wazi, mlango wa jikoni wazi, na mbabula ziliwaka mchana tu nikiwa pale nimesimama. Baba alikuwa akisema chokaa hula pumzi ya moto, ndiyo inakuwa jiwe. Nilipaka safu nyembamba, nikangoja. Safu nyembamba, nikangoja. Kungoja si tabia yangu. Nilijifunza mwezi ule.

Ijumaa Kuu bibi alipiga simu kusema Jumatatu ya Pasaka wanakuja na kipimo. Sikulala vizuri siku tatu.

Jumatatu ile nilifika mapema. Saluni ilikuwa nyeupe, inanukia chokaa. Kitu kimoja tu kilinikera: sakafu. Ile sakafu ya marumaru ya baba yake ilikuwa imefunikwa vumbi la mwaka mzima. Anakuja bibi wa watu kuona nyumba yake na sakafu iko hivi? Aibu ya nani? Nikachota maji ndoo nne, nikamwaga kama tunavyomwaga kwetu, nikasugua, nikasukuma maji hadi mlango wa jikoni kwa ufagio. Sakafu ikang'aa, nikaona mpaka mkunjo wa uso wangu.

Wakaja wote watatu, kwa mlango wa jikoni: bibi kwa mkongojo, mwanawe, na patron, ambaye hakuna aliyemwita. Mwana alikuwa na kipimo kidogo chenye sindano mbili na taa: kijani ni kavu, nyekundu ni maji. Akaanzia juu. Kijani. Katikati. Kijani. Alikwenda hatua kwa hatua, mtu mwangalifu yule, na mimi nilihesabu hatua zake. Kijani, kijani. Akainama chini kabisa, pembeni kwa upande wa bustani.

Nyekundu.

Akasogeza kidogo. Nyekundu. Kiganja kizima cha ukuta, toka sakafuni, nyekundu.

Mwana alisimama taratibu. Hakufurahi, namtolea ushahidi. "Maman," akasema, "hapa kuna maji."

Nikaangalia sakafu. Nikaona ilivyolowa bado pembeni mle.

"Ni mimi!" nikasema. "Nimepiga deki asubuhi. Nilimwaga ndoo nne. Ni maji ya ndoo, si ya ardhi. Yamerukia pale."

Mwana aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ikaniuma kuliko tusi. "Ungesema hivyo kwa vyovyote," akasema polepole. "Ningekuwa wewe, hata mimi ningesema hivyo. Maman, tulipeana mkono."

"Tulipeana," akasema bibi.

Aliuendea ukuta. Mkongojo ulifanya tak, tak kwenye sakafu ya baba yake. Akasimama mbele ya ule weupe, akavua miwani, akaweka shavu ukutani. Sijui aliniona lini nikifanya. Labda aliniona mara zote. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwezi wa kumi na moja, chokaa ilipoanguka, nani alikuja kuniambia?"

"Yeye."

"Aliyeiangusha alikuwa nani?"

"Yeye."

"Na aliniambia ni yeye. Hakuna mtu aliyekuwa ameona, angeweza kumtaja yeyote. Kwa hiyo akiniambia leo ni maji ya ndoo, ni maji ya ndoo." Akavaa miwani. "Leta kitanda changu."

Mwana akamtazama patron. Patron akainua yale mabega yake, akasema kitanda cha mama, kile alichonunuliwa Chaussée d'Ixelles, ni cha mti, kipana, mlango wa jikoni hakitapita.

"Basi kipite mbele," akasema bibi.

Mlango ule ulikuwa haujafunguliwa tangu bibi mwenyewe akiwa msichana. Ufunguo ulizunguka, mbao hazikusogea. Patron alisukuma, haukusogea. Mwana akavua koti, mtu wa ofisini yule, akaupiga bega mara tatu, na mara ya nne ukaachia kwa mlio, na mwanga wa Evere ukaingia mpaka katikati ya saluni. Jioni ile ile kitanda kiliingia kati ya nguzo sita, na bibi akasema kiegemezwe kwenye ukuta wangu.

Kesho yake nilifika kazini kama kawaida, mvua ikinyesha, ndoo mkono mmoja na ufagio mwingine. Nikazunguka nyumba kwenda jikoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikagonga kwa nguvu zaidi, nikalowa, nikachukia.

"Maman! Ni mimi! Fungua!"

Nikausikia mkongojo, tak, tak, hadi upande wa pili wa mbao.

"Huku pamefungwa," akasema. "Zunguka."

"Maman, nimelowa, nina ndoo!"

"Zunguka nayo, binti yangu."

Nikazunguka, nikinung'unika njia nzima. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, pande zote mbili, mvua inarukia kwenye sakafu niliyoisugua. Nikafuta viatu, nikaingia.